Kipande cha Saba

Kama unataka kumcheka Othmani, mcheke sasa hivi, mapema, kabla sijafika mbali. Mwanamume mzima, kinyozi anayejulikana Berea nzima, anazunguka Johannesburg na diski mfukoni akitafuta mtu wa kuifanya redio ya gari lake iimbe. Wengi walimcheka. Hata mimi nilicheka, na leo nikikumbuka naona haya.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2016, baridi ile ya huku inayoingia mpaka kwenye meno. Saa kumi na moja na nusu jua lilishazama nyuma ya maghorofa, naye Othmani alikuwa anateremka na Corolla yake kuukuu kutoka Berea kwenda Doornfontein. Kila robot, taa za barabarani za huku, ilimkuta ikiwa nyekundu. Kwenye kiti cha pembeni alikuwa na diski tatu alizozichoma mwenyewe kwenye intaneti kafe ya mtaani, na zote tatu redio ilikuwa imezikataa. Ukiitia inazungusha kidogo, inakwaruza, krr... krr... halafu kioo kinaandika ERROR, diski inatemwa. Mtu mwingine angesema haya, nitajaribu wiki ijayo. Othmani hakuwa na wiki ijayo.

Mkewe alikuwa anakufa.

Nieleze vizuri. Fauzia, mtoto wa Tanga kama mumewe, wiki ya Idi alikuwa mzima, kapika pilau, kacheka na majirani. Siku ya tatu ya Idi akageukia ukuta. Watu wa kwetu husema Ramadhani majini hufungwa, na mwezi ukiandama hufunguliwa, nao hutoka na njaa zao. Siku kumi na moja Fauzia hakula. Maji alinyweshwa kwa kijiko. Kliniki walimpima damu, mkojo na kifua, wakasema hawaoni kitu, wakampa vidonge vya usingizi, na usingizi wenyewe haukuja. Mifupa ya mabega ikatokeza, macho yakaingia ndani, na kila jua likizama pumzi yake ilinuka marashi ya mawardi. Ndani ya fleti ile hakukuwa na chupa ya mawardi. Othmani alipekua mpaka kwenye kabati la vyombo, hakuona kitu.

Ndipo akampigia simu Bi Duni kule Tanga, mganga aliyemhudumia bibi yake Fauzia miaka hiyo. Bi Duni hakushangaa hata kidogo.

"Ni mgeni wa bibi yake," alisema. "Bibi alikuwa kiti chake, mwili anaoupanda. Bibi kafa, mgeni anataka kukaa kwa mjukuu. Apigiwe ngoma yake, apande, aseme anachotaka, umkubalie. Halafu aagwe, ashuke. Akishaagwa, mkeo atakula siku hiyo hiyo."

Ngoma, ndani ya Johannesburg, ghorofa ya sita. Bi Duni akawakusanya wapigaji wake uani, akawasha simu, akarekodi. Vikaja vipande saba kwa WhatsApp. Cha kwanza kinamwita mgeni. Vitano vinavyofuata vinampandisha na kumsemesha. Cha saba ni Bi Duni mwenyewe anaongea, taratibu, anamuaga ashuke. "Ngoma ilie mpaka kifua cha mgonjwa kitikisike," aliagiza. "Sauti ya simu ni ya mbu, na mgeni hapandi kwa mbu."

Kwenye fleti haikuwezekana. Aliazima spika, akapiga, dakika tano hazikwisha mlinzi wa jengo akawa mlangoni na rungu. Likabaki gari. Corolla ile alikuwa ameinunua kwa kijana mmoja wa Soweto aliyejaza spika mbili kubwa kwenye buti, zikilia vioo vyote vinatetemeka. Ila redio yake ni ya kale, haina tundu la waya wala la flash. Alijaribu kile kidude kinachorusha sauti ya simu kwenye FM. Katikati ya ngoma likaingia hubiri la kanisa, kwa Kizulu, na Fauzia akauma mkono wake mwenyewe mpaka damu ikatoka. Hakurudia tena. Ilibaki diski tu, na diski redio haikuzitaka.

Fundi aliyeelekezwa aliitwa Marcellin, Mkongomani wa Lubumbashi. Aliyemwelekeza ni Thérèse, msusi wanayepanga naye fleti moja, ambaye husali kanisa moja na huyo fundi. Kibanda cha Marcellin kilikuwa ndani ya ua wa gereji, kimejaa redio zilizofumuliwa, na juu ya kompyuta kilining'inia msalaba wa mbao. Othmani aliutazama ule msalaba, moyo ukamnywea.

Marcellin aliigeuzageuza diski ya kwanza kwenye taa.

"Ndugu, hii iko ya kuandika na kufuta. Radio yako iko mzee, haiwezi kuisoma."

Akachukua ya pili. "Hii uliandika mbio sana. Andika polepole, ndiyo inashika."

Ya tatu aliitia kwenye kompyuta, akatikisa kichwa. "Na hii hukuifunga. Ukimaliza kuandika unaifunga, hapo radio inajua mwisho iko wapi. Ukiiacha wazi, radio inautafuta mwisho, inachoka, inakutupia. Na tena uliweka MP3. Mzee huyu hajui MP3. Anajua CD ya muziki tu, ile ya duka."

"Unaweza, fundi?"

"Naweza. Ngoja dakika makumi mbili. Ni nyimbo gani?" Kabla Othmani hajajibu, akaongeza: "Nauliza tu, maana watu wananiletea vitu. Mambo ya bulozi, ya uchawi, ya mapepo, mimi sigusi. Nilishaokoka."

Sasa hapo mtu afanye nini? Sema kweli, ufukuzwe, urudi nyumbani ukamtazame mkeo akikauka. Othmani akakwepesha macho kwenye msalaba.

"Ni za harusi," akasema. "Harusi ya dada yangu, Tanga."

Simu ikatiwa waya, vipande saba vikahamia kwenye kompyuta. Marcellin akakibonyeza kimoja asikilize. Ngoma ikapiga, wanawake wakaitikia, naye akatikisa bega. "Munajua kuoa," akasema, akaanza kazi. Muda si muda simu ikalia. Marcellin akaichomoa kwenye waya akampa mwenyewe. Othmani akatoka nje kuipokea. Alikuwa Thérèse, ananong'ona.

"Papa Othmani, rudi. Ameamka. Amekaa kitandani."

"Amekaa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Anauliza gari inachelewa wapi."

"Nani kamwambia habari ya gari?"

"Mimi sikumwambia. Na sauti si yake."

Othmani alibaki pale uani. Siku kumi na moja mkewe hajakaa. Na huku nyuma Marcellin anamwita kutoka ndani ya kibanda.

"Ndugu, CD inabeba dakika makumi munane tu. Zako zinapita. Hii ya mwisho ni mama anaongea, ngoma iko kidogo sana. Niiache?"

"Acha maneno, weka ngoma," Othmani akajibu, simu ingali sikioni.

Ningekuwepo ningemziba mdomo kwa kiganja. Alijibu kama mwenye harusi, maana alishajifanya mwenye harusi, na nani anahitaji hotuba ya mama mzee harusini? Akili yake yote ilikuwa Berea, ghorofa ya sita. Alichokisema hakukisikia. Angesema kweli tangu mlangoni, pengine Marcellin angemfukuza, pengine angekasirika, lakini asingemuuliza swali lile.

Diski ilipotoka ilikuwa ya moto. Marcellin aliitia mwenyewe kwenye redio ya Corolla. Haikukwaruza. Kioo kikaandika 01, na buti la gari likapiga ngoma moja nzito iliyoangusha bisibisi kwenye rafu ya kibanda. Othmani akafunika uso akalia.

"Eish, ndugu. Unalia kwa ajili ya harusi?"

Marcellin aliitoa diski, akampa, akainamisha kichwa ndani ya gari kama anayetafuta kitu. "Mke wako anapenda marashi," akasema. "Gari yote inanukia maua." Othmani akawasha gari akaondoka bila kuaga.

Fauzia alishuka ngazi kwa miguu yake. Ghorofa sita, mwanamke ambaye juzi aligeuzwa kitandani kama mtoto mchanga. Thérèse alimfuata nyuma na blanketi, na walipofika kwenye gari akamvuta Othmani kando.

"Mimi nitasali," akanong'ona. "Musiniambie munakwenda wapi."

Akaendesha mpaka nyuma ya maghala, kando ya reli, mahali ambapo jioni hapana mtu. Akazima taa. Akafunga milango. Fauzia alikaa kiti cha pembeni, mikono mapajani, kichwa kimeinama. Othmani akasoma dua alizozijua, halafu akaitia diski.

01.

Dum... dum-dum. Dum... dum-dum.

Kiti kilitikisika, kioo kikatikisika, na kifua cha Fauzia kikatikisika. Sauti ya Bi Duni ikaita kwa mbali, wanawake wakaitikia. Kwenye 02 mabega ya Fauzia yakaanza kucheza. Kwenye 03 pumzi ikabadilika, ikawa ndefu, ya kukoroma. Harufu ya mawardi ilijaa gari lote, lakini Othmani hakuthubutu kufungua dirisha. Alikuwa anaogopa, na alikuwa na furaha. Redio ilikuwa inasoma, haikatizi, na kila namba iliyobadilika kwenye kioo aliiona ni hatua moja kuelekea kwa mkewe.

Kwenye 04 akainua uso.

Yule hakuwa Fauzia. Uso ule ule, ila ulikunjika kizee, mdomo umeingia ndani.

"Umenichelewesha," akasema.

"Nisamehe, mgeni."

"Nina njaa."

"Sema unachotaka. Nitakupa."

Akakaa kimya 05 nzima, akiyumba. Othmani akangoja, jasho likimtiririka kwenye baridi ile. Ilipoingia 06, mgeni akahesabu kwa vidole vya Fauzia. "Kitambaa cheupe. Pete ya fedha. Na mawardi, yawekwe kila Ijumaa, nisiombe mara mbili."

Basi? Ndiyo hayo tu? Othmani alitaka kucheka. Siku kumi na moja za mateso, kumbe kitambaa na pete. "Nimekubali," akasema. "Nimekubali, nimekubali."

"Vizuri," akasema mgeni, akaegemea kiti. Sauti ilikuwa imelainika, ya mtu aliyeshiba. "Sasa niage, niende."

Ngoma ya 06 ikafifia. Ikaisha.

Kimya.

Othmani akakitazama kioo. Akangoja 07. Redio ikazungusha diski, ikatafuta...

01.

Dum... dum-dum.

Ndivyo redio za magari zilivyo, diski ikiisha inajirudia yenyewe. Sauti ya Bi Duni ikaanza tena kuita, kwa nguvu ile ile. Hapo ndipo Othmani alipokumbuka. Mama anaongea. Niiache? Acha.

Mgeni alikuwa amegeuka anamtazama. Na nawaambieni, mgeni mwenyewe alikuwa ameingiwa na hofu.

"Mbona unaita," akanong'ona, "na mimi nimeshakuja?"

Othmani alibonyeza kitufe cha kutolea diski. Haikutoka. Akabonyeza tena, akapiga redio ngumi.

"Unamwita nani mwingine?"

"Simwiti mtu. Ni redio. Ni redio tu..."

"Anakuja," akasema mgeni, akajikunja kwenye kona ya kiti. "Mimi nakaa wapi, akija?"

Othmani akachomoa ufunguo. Taa za redio zikazimika. Spika zikakata.

Dum... dum-dum.

Ngoma haikukata.

Ilikuwa inatoka sakafuni mwa gari. Visigino vya Fauzia. Vilikuwa vinapiga mapigo yale yale, na uso wake umetulia, macho yameelekea mlango wa upande wake. Kitasa kikalia, kwa nje. Mara moja. Othmani aliona wazi kwamba pale nje hapakuwa na mtu. Akatoa simu, akatafuta sauti ya saba ya Bi Duni. Akabonyeza ya mteja aliyetaka kunyolewa Jumamosi. Akabonyeza ya kwanza kwa bahati mbaya, ikaita tena kwa sauti nyembamba, akaizima akilia kwa sauti. Na huku akitafuta, mdomo ulikuwa unaomba wenyewe.

"Fauzia. Fauzia, mke wangu. Fauzia, nisikie. Fauzia."

Visigino vikasimama.

"Othmani?"

Ilikuwa sauti yake. Ndogo, kavu, ila yake, ile ya Fauzia akiamshwa alfajiri. Akamgeukia, na macho yalikuwa ya mkewe, yamejaa usingizi na mshangao.

"Othmani, mbona baridi hivi? Tuko wapi?"

Hakuna mtu duniani aliyewahi kufurahi kama Othmani wakati ule. Alitaka kumjibu. Alitaka kumkumbatia. Lakini kidole gumba kilikuwa kimeshabonyeza, na Bi Duni akaanza kusema ndani ya simu, taratibu, kwa adabu, jinsi anavyowaaga wote.

"Wewe uliyekaa hapo kitini. Umeitwa, umekuja. Umesikilizwa, umepewa, umeheshimiwa. Kiti hiki si chako..."

Fauzia akamshika mkono wa sweta. "Huyu nani? Mbona ananifukuza mimi?"

"...Sasa shuka. Shuka kwa amani, ufunge mlango, usirudi."

"Othmani, izime. Othmani, nashuka, nishike, nish..."

Simu ikamponyoka ikaingia chini ya kiti. Akaikimbilia kwa mikono yote miwili, akiisikia inasema shuka, shuka, kule gizani kwenye vumbi, na alipoipata ilikuwa imemaliza. Mkono uliomshika ulikuwa umeshamwachia.

Treni ikapita kwenye reli. Ikaisha kupita. Harufu ya mawardi haikuwepo tena.

Mwanamke aliyekaa pembeni yake akajinyoosha. Akauweka sawa ushungi wake kwa kidole kimoja. "Nina njaa," akasema kwa sauti nzito kidogo, ya mtu aliyelala muda mrefu. "Twende nyumbani."

Usiku ule alikula sahani mbili za wali na kuku mzima. Thérèse alipiga magoti jikoni akamshukuru Mungu wake. Kesho yake alioga, akafagia, akateremka mwenyewe kununua mkate. Wiki haikwisha mashavu yalirudi. Majirani wakampongeza Othmani, na wale waliomcheka na diski zake wakaja kumwomba radhi. Yeye mwenyewe aliitikia, akashukuru, akajiambia yamekwisha. Kitambaa cheupe na pete alivinunua akaviweka kwenye droo. Mkewe alifungua droo, akavitazama, akauliza ni vya nani.

Ila Othmani alikuwa akimtazama anavyovaa viatu. Fauzia alianza na kushoto maisha yake yote, kwa ubishi tu, mama yake alimgombeza mpaka akachoka. Huyu alianza na kulia. Ni jambo dogo. Mtu hawezi kwenda polisi kwa sababu ya kiatu.

Siku ya tano akampigia Bi Duni kumshukuru. Akamsimulia yote, redio, kujirudia, simu. Bi Duni alisikiliza bila kumkatiza.

"Mwanangu," akasema mwishowe. "Wakati naaga, nani alikuwa amekaa kitini?"

"Fauzia, bibi. Nilimwita, akaitika."

"Mimi naaga aliyekaa," akasema Bi Duni. "Sikuchagua. Katika kuaga, jina la mwenye mwili halitajwi, sisi tunajua tangu utotoni, sikudhani ni jambo la kumfundisha mtu mzima wa Tanga."

"Basi mwite, bibi. Mpigie ngoma arudi."

"Ngoma ipi? Kila mgeni ana ngoma yake. Binadamu hana. Hajawahi kuhitaji."

"Na huyu aliyebaki ni nani? Ni wa bibi yake, au ni yule aliyeitwa mara ya pili?"

"Hilo usimuulize," Bi Duni akasema, akakata.

Othmani akarudi Doornfontein. Safari hii alimweleza Marcellin kila kitu, chini ya ule msalaba, bila kuficha neno. Alitegemea kufukuzwa. Marcellin akashika kichwa.

"Ulinidanganya, ndugu."

"Nilikudanganya."

"Sasa unataka nini?"

Othmani akatoa simu. Zilikuwemo sauti arobaini na moja za Fauzia, za WhatsApp, za miaka miwili. Usisahau maziwa. Uko wapi, mbona kimya. Nifungulie mlango, funguo nimeiacha. Nina baridi leo, uje na ile blanketi nyingine. Anacheka. Anakohoa. Anamwimbia mteja mmoja wa Othmani mwenye upara. Kama binadamu hana ngoma, Othmani alisema, basi hii itakuwa ngoma yake, na kwenye simu ni sauti ya mbu.

"Hii si bulozi," akasema Marcellin, macho yamemjaa maji. "Hii iko kilio." Akaichoma diski polepole kuliko zote, akaifunga, akamwonyesha kwenye kompyuta kwamba zote arobaini na moja zimo, hata moja haikuachwa.

Basi kila jua likizama Othmani alishuka kwenye maegesho ya jengo, akajifungia ndani ya Corolla, akapiga. Sauti ya mkewe ikalia kwenye spika zile kubwa mpaka kifua chake kikatikisika. Alimwita. Alingoja. Siku tisa hakuja mtu.

Siku ya kumi mlango wa pembeni ukafunguliwa. Mwanamke yule akaingia, akakaa, akaweka mikono mapajani. Alisikiliza diski yote mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, midomo ikichezacheza. Kesho yake akaja tena. Na kesho kutwa. Othmani hakuweza kumfukuza, kwani mwili ule ulikuwa wa mkewe, na usiku ulipoa vibaya. Wiki ya pili ule uzito wa sauti ukaanza kumtoka. Alipokohoa, alikohoa kama kwenye diski. Thérèse akasema jikoni, dada Fauzia sasa amepona kabisa, hata kicheko kimerudi.

Halafu ikafika jioni moja ya mwisho wa Agosti. Diski ilikuwa inapiga. Mwanamke akanyoosha mkono akaizima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamgeukia Othmani, machozi yanamtiririka.

"Othmani," akasema. "Nina baridi. Nifungulie mlango."

Ilikuwa sauti ya Fauzia, haikupungua chochote.

Mlango ulikuwa haujafungwa. Othmani alibaki anamtazama. Maneno yale yote yalikuwemo kwenye diski, "nina baridi" ni ya kumi na mbili, "nifungulie mlango" ni ya thelathini. Lakini machozi hayakuwemo. Fauzia hakuwahi kumtumia sauti akilia. Alijaribu kukumbuka kama kuna hata moja, akazipitia zote arobaini na moja kichwani, na yule mwanamke akaendelea kulia, bila kelele, akimnyooshea mikono miwili.

Akamkumbatia. Mlitaka afanye nini? Akamkumbatia kwa nguvu zake zote, akambeba mpaka ghorofa ya sita, akamfunika blanketi mbili. Na jina hakumuuliza usiku ule, wala mpaka leo hajamuuliza, maana anajua jibu lolote litakuja kwa sauti ya Fauzia.